Maua ndani ya nyumba wakati nje bado theluji

SWALI: Habari zenu. Dada yangu anaishi Toronto, kila nikimpigia Februari analia ati nje ni theluji tu na nyumba imepooza. Kuna maua anaweza kuweka ndani kabla baridi haijaisha? Msomaji, Jinja

JIBU: Yapo dada, tena bila kununua. Sisi huku maua tunayo mwaka mzima, lakini kule kuna kichaka kinaitwa fosithia, maua yake ya njano yanapendeza sana, na matumba yake huwa yameshajitengeneza kwenye matawi tangu mwaka uliopita, yanangoja tu wiki kama 6 mpaka 8 za baridi zipite ndo yaamke. Kwa hiyo mwambie akate matawi yenye matumba manene, achague siku barafu imelegea, akate mshazari, ayatie kwenye maji ya uvuguvugu na ayaweke penye mwanga ila mbali na hita, joto kali linakausha matumba kabla hayajafunguka. Maji abadilishe kila siku mbili tatu. Wiki 1 mpaka 3 hivi yanachanua. Matawi ya cheri pia yanakubali, ila yanachelewa, asiyatupe haraka jamani! Usiku ayahamishie pabaridi, yatadumu zaidi.