Fremu ya hotrodi uani: chaki kwanza, bomba baadaye

Ndugu wa Jinja, umeuliza kama fremu ya hotrodi (gari la zamani lililobadilishwa na kutiwa injini yenye nguvu zaidi) inaweza kujengwa uani nyumbani. Una bodi ya Morris Minor, injini ya Hilux 22R, na fundi wako anasema "nunua bomba kwanza, mengine tutaona." Usinunue. Mimi nilianza na bomba, na nusu yake leo ni mlango wa banda la kuku.

Jambo la kwanza, Minor ya saluni haina fremu. Bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu; ni pikapu yake iliyokuwa na fremu ya peke yake. Ukikata sakafu ili uingize fremu mpya, bodi inalegea kama boksi lililotolewa kitako. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, chomelea vyuma ndani kutoka nguzo ya mlango huu hadi ule, na kimoja cha mshazari. Mimi niliruka hatua hiyo upande wa abiria, na mlango ule mpaka leo naufunga kwa goti.

Sasa sakafu. Nilifagia baraza ya saruji, nikapiga mstari wa katikati kwa uzi wa chaki. Kila kipimo kinatoka kwenye mstari huo, kamwe si kwenye ukingo wa bomba. Kati ya ekseli na ekseli, Minor ina inchi 86, fupi mno kwa injini yako. Ford ya 1932, ile Wamarekani wanayoiabudu kwa hotrodi, ina inchi 106. Mimi niliishia milimita 2,500.

Difu (ekseli ya nyuma inayozungusha magurudumu) na ekseli ya mbele (ya boriti, niliitoa kwenye lori dogo bovu) niliziweka juu ya matofali, kwa kimo ambacho gari litasimama likiwa na uzito wake. Injini pamoja na giaboksi zikaning'inia kwa mnyororo. Bodi juu ya magogo. Kisha nikaingia, nikakalia kigoda, nikashika usukani hewani. Mke wangu alicheka hadi majirani wakaja. Lakini pale kigodani ndipo nilipogundua kanyagio la klachi linagonga giaboksi, na bado sikuwa nimekata hata sentimita moja ya chuma. Injini ikasogea mbele kidogo, basi. Sehemu zote zikikaa, shusha timazi kutoka kila moja, weka alama chini. Fremu yako itakuwa imejichora yenyewe.

Bomba ni la pembe nne, milimita 100 kwa 50, unene usipungue milimita 3. Lile jembamba la mageti halifai. Ukienda Katwe, kule Kampala kwa wauza vyuma, beba kalipa, kile kipimo cha unene. Mimi niliuziwa "tatu" ambayo nyumbani ilipima mbili na kitu. Nyuma, reli (zile bomba mbili ndefu za ubavuni) zikate na uzipandishe zipite juu ya difu, uache nafasi ya kutosha difu ipande barabara ikiwa mbaya, na ya huku kwetu unaijua. Kila kiungo hapo kiongezee kibamba ubavuni.

Kuchomelea nilijifunza jeshini, pamoja na Kiswahili hiki, na bado nilikosea. Utaratibu ni kupiga taki (kushikiza kwa vidoa vidogo vya weldi) fremu nzima, kupima pembe kwa pembe mshazari (tofauti isizidi milimita 2), halafu kuchomelea vipande vifupi kwa kurukaruka: mbele kulia, nyuma kushoto, juu, chini. Siku ile umeme ulikatika mchana kutwa. Uliporudi usiku nikawa na haraka, nikamaliza upande wa kulia wote kwa mkupuo. Asubuhi pima maji ikanionyesha kona moja imeinuka milimita 11. Chuma kikipoa hujivuta, hakingoji ruhusa yako. Nilikata mihimili miwili ya kati nikaanza upya.

Umeme wa nyumbani nao hushuka usiku, na weldi inaweza kung'aa juu huku ndani haijashika. Chomelea vipande viwili vya taka, vibane kwenye jiliwa, piga nyundo. Vikiachana na kuacha uso safi, usiendelee. Mabano ya springi na ya stelingi nilimpelekea fundi mwenye mashine ya maana, na sioni aibu kusema.

Pembe: injini yangu imelala nyuma digrii 3, na pua ya difu imeinuka 3, ili shafti isitetemeke. Ekseli ya mbele, pini za usukani zilaze nyuma kwa juu digrii 5 hadi 7, la sivyo gari litatangatanga.

Wiki hii nunua chaki tu. Ukishapiga mstari, pima difu yako kutoka ngoma ya breki hadi ngoma ya breki uniandikie, nikwambie reli zipite wapi.