Wasomaji wanauliza: mnafu wenye matundu, nyanya zenye unga

SWALI: Mama mkwe ananisisitiza ninunue mnafu uliotobolewa na wadudu, kwamba huo haujapigwa dawa. Wauzaji pale Mbuyuni wao wananisifia wenye majani mapana yasiyo na doa. Nimsikilize nani? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Matundu hayathibitishi chochote. Wakulima wengi hupiga dawa baada ya kuona wadudu wameshakula, na jani likishatoboka halizibiki. Kwa hiyo fungu laweza kuwa na matundu na dawa vilevile. Upana wa jani nao ni suala la mbegu: Nduruma na Olevolosi, zilizotoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, zina majani mapana na uchungu wake si mkali. Anayependa mnafu mchungu atafute wa majani madogo.

Kagua haya. Vunja shina: likikatika mara moja ni changa, likipinda na kuacha nyuzi limekomaa. Ukiona maua au vitunda, tarajia majani magumu na uchungu zaidi. Geuza jani utazame vidukari. Kisha ingiza kidole katikati ya fungu, pale penye kamba. Pakiwa na joto au utelezi, acha. Maji yanayonyunyizwa sokoni hulichangamsha jani la nje, huku la ndani linaoza, na hujui maji hayo yametoka mfereji gani. Nyumbani osha jani moja moja kwa maji yanayotiririka, kabla ya kukatakata. Dawa iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha, kwa hiyo ukiweza nunua kwa mkulima mwenyewe na umuulize alipiga lini.

SWALI: Nyanya zenye unga mweupe au wa manjano hukaa muda mrefu zaidi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana. Mara nyingi unga huo ni mabaki ya dawa ya ukungu, hasa mankozebu, na ukionekana mzito huenda ilipigwa karibu na kuvuna. Kinachoifanya nyanya ikae ni ganda gumu, kama la aina ya nyanya iitwayo Tengeru 97, kuvunwa ikiwa imeanza tu kubadilika rangi, na kutopasuka. Chagua safi. Ukikosa, isugue kwa vidole chini ya bomba, hasa kwenye kishimo cha kikonyo ambako unga hujikusanya, ndipo uipike. Usitegemee moto ukusafishie: mankozebu ikipata joto, sehemu yake hugeuka kuwa kemikali nyingine, ETU, ambayo nayo ina madhara.