Mama kaanza metformin, tumbo linamwendesha. Aache?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, mwezi uliopita kapimwa kakutwa na sukari, wakampa metformin miligramu 500 asubuhi na jioni. Tangu aanze tumbo linamwendesha, mdomoni anasikia ladha kama ya chuma, na majirani washamjaza maneno eti hizo dawa zinamaliza figo. Juzi kapima kabla ya kula ikasoma 6.8, sasa anasema kashapona, anataka abaki na unga wa mlonge tu. Tumuache? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimuache. Ila niambie kwanza, huwa anameza saa ngapi? Maana akinamama wengi wakiamka tu wanameza kidonge na chai ya rangi, wanashika ufagio, chakula mpaka saa nne, sasa hapo tumbo litaachaje kulalamika? Ale kwanza, ameze katikati ya chakula au akimaliza tu. Wengi wanatulia baada ya wiki chache, na hiyo ladha ya chuma nayo inapungua. Asipotulia arudi kliniki, wanaweza kumshushia dozi wampandishe taratibu au wampe ile inayoyeyuka polepole, hiyo inamezwa nzima, haitafunwi wala haivunjwi. Lakini kama anaharisha mpaka anaishiwa maji, au anatapika, awahi hospitali siku hiyohiyo, dawa inaweza ikabidi isimamishwe kwanza.

Hilo la figo majirani wameligeuza. Kinachoua figo ni sukari kukaa juu miaka na miaka, na presha. Metformin inatoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo figo zikiwa hoi dawa inajazana kwenye damu, ndo maana anatakiwa apimwe kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, kabla ya kuanza na baadaye angalau mara moja kwa mwaka.

Na hiyo 6.8 ni dawa inafanya kazi, sio kupona! Inalizuia ini lisimwage sukari ovyo na inausaidia mwili uitumie insulini yake vizuri, akiacha inapanda tena na mara nyingi hasikii chochote. Aombe kipimo cha damu kinaitwa HbA1c, hicho kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi. Wapo wanaopungua uzito mpaka wanapunguziwa dawa, ila hilo anaamua daktari wake kwa vipimo.

Mlonge ale kama mboga, sina ugomvi nao. Hata metformin asili yake ni utafiti wa mmea wa Ulaya, galega, na Mfaransa Jean Sterne ndo aliyetoa ripoti ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957, tofauti ni kwamba kidonge unajua kina miligramu ngapi, ule unga wa kijiko nani kaupima?

Halafu kacheki pakiti zake. Ukikuta na glibenklamidi, dawa nyingine ya sukari, hiyo ndo inayoweza kumshusha sukari akiruka mlo, akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Metformin peke yake ni nadra sana kufanya hivyo.