Gari la marehemu baba: msilipake rangi kabla ya kuliuza

Safu ya Maswali na Majibu ya Wasomaji

SWALI: Mhariri mpendwa, baba yetu aliyefariki mwaka jana alikuwa amejenga banda la mabati shambani kwetu karibu na Njoro, akaligeuza kuwa makumbusho madogo ya vyombo vya kale. Humo mna pampu za maji, redio za betri, plau za kukokotwa na ng'ombe na magari matatu, na gari alilolipenda kuliko yote ni Volvo PV544 ya mwaka 1962, ambayo aliinunua kwa mkulima aliyekuwa akihama nchi. Watoto wa shule za jirani walikuwa wakija kulitazama, naye akiwaeleza habari zake bila kuchoka. Sasa mama amezeeka, banda linavuja, na sote tumekubaliana kuliuza gari hilo. Kakangu mkubwa anataka kwanza tulipeleke gereji mjini Nakuru, lipigwe rangi upya na kutiwa injini ya Toyota, kwa sababu halijawashwa kwa miaka 9. Dalali mmoja kutoka Nairobi amekuja mara mbili, anasema gari lisilowaka ni chuma chakavu na ametutajia bei ya chuma chakavu, lakini akaongeza kwamba angetulipa mara kumi kama tungethibitisha kuwa ndilo lililoshinda Safari Rally ya mwaka 1965. Mjomba anasema baba aliwahi kulidokeza jambo hilo. Kitabu cha gari kipo, ni cha karatasi, na jina lililomo ni la baba. Tufanyeje?
Binti wa Mzee, Njoro

JIBU: Pokea pole zetu kwa msiba huo, dada. Nitaanza na lile ambalo haliwezi kusubiri: mwombe kakako, kwa heshima yote anayostahili kama mkubwa wenu, asilipeleke gari hilo gereji. Najua nia yake ni njema, na kwa gari la kawaida la miaka kumi au kumi na mitano ushauri wake ungefaa, kwa maana mnunuzi wa gari la kawaida anatafuta chombo cha kumfikisha kazini. Anayetafuta PV544 anatafuta kitu kingine kabisa. Anataka rangi iliyotoka kiwandani Göteborg hata kama imefifia, viti vyenye kitambaa cha awali hata kama kimechanika mshono, na injini ambayo namba yake inalingana na miaka ya gari lenyewe. Rangi mpya ya gereji ingefunika ushahidi huo wote, na mnunuzi mwenye ujuzi akiona bodi inayong'aa hujiuliza mara moja ni kutu kiasi gani imefichwa chini yake. Mngetumia fedha nyingi kuishusha thamani ya mali yenu wenyewe.

Habari ya injini ya Toyota inanihuzunisha zaidi. Ikiwa gari lenu ni la mwaka 1962 na halijabadilishwa, basi yaelekea lina injini ya B18, ya lita 1.8, ambayo Volvo ilianza kuitumia mwaka 1961 na ambayo ilitiwa pia katika magari mengine ya Volvo, Amazon na P1800. Mwalimu mmoja wa Marekani, Irv Gordon, aliendesha P1800 yake ya mwaka 1966 kwa zaidi ya maili milioni 3, na injini yake ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Injini ya namna hiyo haifi kwa kulala bandani miaka 9. Huganda tu. Na kwa kuwa ilitumika katika aina kadhaa za magari, vipuri vyake bado vinapatikana, hasa kutoka Sweden, hali ambayo wenye magari mengi ya kale ya rika hilo wangeitamani.

Wala msijaribu kuiwasha kwa kuunganisha betri ya trekta. Kwanza hakikisheni gari linatumia umeme wa volti ngapi, kwa sababu PV544 za mwanzo zilikuwa za volti 6, na zile za B18 zikawa za volti 12. Kisha mwiteni fundi mzee anayezijua injini za kabureta, achomoe plagi, adondoshe mafuta kidogo ya injini ndani ya silinda, ayaache usiku kucha, halafu aizungushe injini kwa mkono taratibu. Petroli iliyomo tangini imeharibika na sharti imwagwe. Breki za gari hili ni za dramu kwenye magurudumu yote manne, na baada ya miaka 9 mpira wa silinda za breki huwa umekauka, kwa hiyo hata likiwaka lisiendeshwe mpaka zishughulikiwe. Injini ikizunguka kwa mkono, inatosha kwa sasa. Semeni ukweli kwamba injini haijakwama, na mwacheni mnunuzi aamue atakavyoiwasha.

Kitu kinachohitaji macho yenu ni kutu. Gari hili halina fremu ya chuma chini yake kama lori, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na kwa hiyo kutu ya sakafuni, ya kingo zilizo chini ya milango na ya mahali springi zinaposhikilia si suala la sura bali la uti wa mgongo wa gari. Lala chini na tochi, au mtume kijana, na kila palipooza papigwe picha pamoja na palipo pazima. Hewa ya Njoro imewasaidia, kwa maana gari kama hilo lingelala miaka hiyo yote kando ya ziwa kule Kisumu, kwenye joto na unyevu, huenda mngekuwa mnauza tundu. Lakini banda linalovuja litayaharibu haya yote kwa msimu mmoja wa mvua. Msinunue rangi, nunueni mabati.

Sasa nije kwenye dokezo la mjomba. Ni kweli kwamba mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho ambaye wengi walimwita Simba, alishinda Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant Singh wakiwa ndani ya Volvo PV544, tena gari ambalo tayari lilikuwa limetumika mashindanoni kabla hawajalipata wao. Ushindi huo ndio unaofanya kila PV544 iliyobaki nchini izungukwe na hadithi ya aina hiyo. Msiiseme hadithi hiyo kwa mnunuzi yeyote bila uthibitisho. Gari lililoshinda lilikuwa moja tu, na wanaoyafuatilia mambo haya wanalijua. Mnaweza kujipima wenyewe: kitabu cha gari kinaonyesha tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza na namba ya chesisi, na ikiwa mwaka 1965 lilikuwa kwa jina la yule mkulima likisafirisha maziwa na mbegu, basi mjomba alimsikia baba vibaya, au baba alikuwa akisema lilikuwa gari la aina ile ile. Hilo la pili ni kweli, na linatosha kulisema. Dalali anayewachochea mthibitishe jambo kubwa asilolijua yeye mwenyewe anawasogeza kwenye udanganyifu ambao jina litakaloharibika ni la baba yenu.

Historia iliyo yenu kweli ina thamani yake, nanyi mnayo mkononi pengine bila kujua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na baba yenu, kwa kuwa aliendesha makumbusho, bila shaka aliandika. Litafuteni daftari la wageni, kwa kuwa saini za walimu na wanafunzi zenye tarehe zinathibitisha kwamba gari lilikuwa hapo, katika hali gani, mwaka gani. Tafuteni hati ya mauziano kati yake na yule mkulima, risiti za bima na za vipuri, picha za zamani zinazoonyesha namba ya gari, kijitabu cha maelezo, jeki na funguo zilizokuja nalo. Hata kile kibao alichokiandika kwa mkono wake kueleza habari za gari kisiachwe ukutani. Msiviuze vitu hivi kimoja kimoja. Vikiwa pamoja na gari vinalipandisha bei, na vikitawanyika vinabaki takataka za kusikitisha. Nakala za kurasa za daftari na picha mbili tatu bakini nazo kwa ajili ya wajukuu.

Upande wa sheria, hamwezi kuuza leo hata akija mnunuzi bora. Gari bado ni mali ya marehemu, na Sheria ya Urithi, katika kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuishughulikia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na kulivunja katazo hilo ni kosa la jinai. Nendeni mahakamani mwombe hati ya usimamizi wa mirathi, na ingawa sheria inazuia waziwazi uuzaji wa ardhi na majengo kabla ya hati kuthibitishwa, hata kwa gari ningewashauri msubiri uthibitisho huo, ambao kwa kawaida huja baada ya miezi 6, ili pasitokee ndugu wa kulalamika baadaye. Katika muda huo hakikisheni kwamba taarifa za kitabu chenu cha karatasi zimo katika mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), na kwamba namba ya chesisi na ya injini zilizoandikwa ndizo zilizogongwa kwenye chuma. Kosa la tarakimu moja, ambalo karani alilifanya miaka mingi iliyopita, linaweza kulikwamisha gari kwa miezi. Siku mtakapouza, mhamishe umiliki mara moja, kwani mmiliki mpya hana ruhusa ya kulitumia gari barabarani zaidi ya siku 14 bila kusajiliwa kwa jina lake. Na mtu asiwashawishi kulijaribu kwenye barabara kuu ya Nakuru wakati halina bima. Vijia vya shamba vinatosha.

Kuhusu bei sitawatajia tarakimu, kwa sababu sijaliona. Ninachoweza kusema ni kwamba dalali amewapimia kwa kipimo kibaya. Sheria za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8, kwa hiyo Mkenya anayetaka PV544 hawezi kuagiza moja kama anavyoagiza gari la Japani. Sharti atafute miongoni mwa machache yaliyomo. Wanunuzi wenyewe wanapatikana. Wapo wanaokutana kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na wapo wanaoandaa magari ya kale kwa ajili ya East African Safari Classic, mashindano yaliyoanza mwaka 2003. Tangu Safari Rally ya dunia irudi mwaka 2021 na kuweka makao Naivasha, ndani ya kaunti yenu, wageni wa aina hiyo hupita karibu nanyi kila mwaka. Tafuteni mthamini aliyewahi kushughulika na magari ya kale, kwa kuwa mthamini wa kawaida atafuata jedwali la uchakavu na kuwapa jibu lile lile la dalali. Fedha zipitie benki au kwa wakili, na gari lisitoke bandani kabla hazijaingia.

SWALI: Mimi ninaishi Kisumu na nimerithi Saab 96 ya mwaka 1965 iliyokuwa katika mkusanyiko mdogo wa mjomba wangu. Inawaka, lakini inatoa moshi wa buluu, na kila anayekuja kuinunua anapunguza bei akisema injini imekwisha. Ni kweli?
Mpwa, Kisumu

JIBU: Huenda wanaokuambia hivyo hawajui wanachokitazama. Saab 96 ya mwaka huo ina injini ya silinda 3 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 841, inayofanya kazi kwa mapigo mawili kama pikipiki za zamani, ambapo mafuta ya injini huungua pamoja na petroli. Moshi ni sehemu ya maumbile yake. Injini ya V4 ya mapigo manne ilikuja baadaye. Kwa gari kama lako Erik Carlsson wa Sweden alimaliza wa pili katika Safari Rally ya mwaka 1964, na moshi ulikuwepo. Badala ya kubishana, mwite fundi apime mgandamizo wa kila silinda mbele ya mnunuzi na aandike vipimo vitatu kwenye karatasi. Vikikaribiana, injini ni nzima, na bei yako isishuke hata shilingi moja kwa sababu ya moshi. Vikiachana sana, mweleze mnunuzi mwenyewe kabla hajakuuliza. Halafu geuza macho kwenye sakafu, kwa maana kutu ya unyevu wa Kisumu ndiyo inayoliua gari, si injini.