Nyumba ya bati Dar: umeme unaliwa na joto, si na chaja ya simu

Ushauri wa kubana umeme huanza na chaja ya simu: ichomoe. Chaja ya kawaida iliyoachwa kwenye soketi bila simu haivuti hata nusu wati, na kwa mwaka mzima haimalizi uniti tano. Bafuni kwenye nyumba hiyohiyo kuna shawa ya umeme ya wati 4,500. Mtu mmoja akioga dakika kumi, imekula robo tatu ya uniti. Wakiwa watano, kila siku, ni zaidi ya uniti 110 kwa mwezi.

Kwenye nyumba za Dar es Salaam na Pwani kwa jumla, pesa ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, inakwenda kwenye joto. Ama unalitengeneza kwa shawa, pasi, birika na jiko, ama unalifukuza kwa kiyoyozi, friji na panga boi. Vingine vyote ni chenji, isipokuwa viwili vitatu tutakavyovitaja.

Kabla ya kununua chochote, pima. Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Hiyo ni idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, hesabu mipepeso kwa dakika sita. Mita ya 1000, zidisha kwa 10 upate wati. Mita ya 1600, zidisha kwa 6.25. Friji ipime wakati mota yake inanguruma, maana inawaka na kuzima yenyewe. Shawa usihangaike nayo: kwenye mita ya 1000 itapepesa zaidi ya mara 70 kwa dakika na utapoteza hesabu. Soma wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake.

Ukishazima na kuchomoa kila kitu, taa ile inapaswa kutulia (kwenye baadhi ya mita hubaki imewaka mfululizo, ila haipepesi). Ikiendelea kupepesa, kuna umeme unakwenda mahali. Shusha breka moja moja mpaka itulie, na breka iliyoituliza ndiyo njia yenye tatizo. Mara nyingi ni pampu ya maji iliyoingiza unyevu, koili ya hita iliyopasuka, au waya wa banda la uani ambao hakuna anayekumbuka uliungwa lini. Hapo mwite fundi umeme siku hiyohiyo, maana umeme unaovuja unaua.

Tuje kwenye paa, kwa sababu huko ndiko joto linakoingilia. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini kabisa mapema Machi na tena kama tarehe 10 Oktoba, na kuanzia Oktoba hadi Machi, yaani miezi ya joto kali, saa sita mchana haliko mbali na utosi. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini hupata jua kidogo, na bati ndilo linalopigwa kutwa. Bati la rangi nyeusi, maruni au kijani kibichi mchana huzidi nyuzi 60. Linaipasha hewa ya darini, na zaidi ya hapo linamulika joto moja kwa moja kwenye silingibodi, nayo inakumulikia wewe kitandani hadi saa nne usiku.

Dawa ya kwanza ni matundu. Hewa ya moto inapanda, na ikikosa pa kutokea inakaa. Weka matundu yenye wavu chini ya mapaa, kwenye siling ya nje nyuma ya fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), na mengine juu karibu na kilele, kwenye kuta za pembetatu. Kwa dari ya mita za mraba 100, jumla ya uwazi iwe takriban theluthi mbili ya mita ya mraba, nusu chini na nusu juu. Matundu ya upande mmoja tu hayafanyi kazi, kwa sababu hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Wavu uwe mdogo wa kuzuia popo na shomoro, la sivyo baada ya mwaka una tatizo jingine lenye harufu.

Ya pili ni rangi nyeupe. Bati jeupe lililo safi hurudisha sehemu kubwa ya jua, na la rangi nzito humeza sehemu hiyohiyo. Tumia rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya bati, siyo rangi ya ukutani, ambayo itabanduka ndani ya masika mawili. Sugua bati kwa brashi na sabuni, suuza, liache likauke. Palipoota kutu piga msasa kisha praima ya kuzuia kutu. Bati jipya linalong'aa nalo lahitaji praima ya mabati, la sivyo rangi haishiki. Piga mikono miwili. Lita moja hufunika kama mita za mraba 8 kwa mkono mmoja, kwa hiyo paa la mita 100 litakula lita 25 hivi. Paka asubuhi, kabla bati halijawa la moto: rangi ikikauka kabla ya kujitandaza huacha ngozi isiyoshika. Kama unavuna maji ya mvua, hakikisha rangi haina risasi na mwaga maji ya mvua za mwanzo. Na mpakaji akanyage juu ya misumari, ambako chini kuna mbao.

Ya tatu ni karatasi ya kung'aa inayotandazwa chini ya bati. Hapa mafundi wengi hukosea. Karatasi hii huzuia joto linalomulika, na ili ifanye kazi lazima uso unaong'aa utazame hewa, angalau sentimita mbili na nusu. Ikibanwa kati ya bati na mbao bila nafasi, inapitisha joto tu. Kama ina uso mmoja wa kung'aa, uelekeze chini, kwa sababu ukitazama juu utafunikwa na vumbi, na vumbi likishakaa umebaki na karatasi ya kawaida. Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, ipigiliwe kwa stepo chini ya mbao za kenchi, siyo kulazwa juu ya silingibodi. Nayo inapitisha umeme: zima meni swichi kabla ya kupanda darini, na viungo vyote vya waya viwe ndani ya boksi zake. Kiungo kilichofungwa kwa selotepu kikigusana na karatasi hiyo, dari nzima inakuwa na umeme.

Kuta na madirisha ya magharibi yanahitaji mbinu tofauti. Jua la saa kumi linakuja limeinama, kwa hiyo paa lililotokeza halisaidii. Pazia zito husaidia kidogo tu, maana jua likishapita kioo joto limeshaingia. Kivuli kikae nje: kibaraza, chiki (pazia la fito), au pesheni iliyopandishwa kwenye waya, ambayo hufunika dirisha ndani ya miezi michache. Mwarobaini nao ni mzuri, ila uupande mita tano au zaidi kutoka ukutani.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yameharibu nyumba nyingi za mjini. Dirisha la mita moja na nusu hufunguka nusu yake tu, wakati yale ya luva za vioo, ambayo watu wanayang'oa wakiyaona ya kizamani, hufunguka karibu yote. Kama ndiyo kwanza unajenga, chagua madirisha ya kufunguka kwa bawaba, na kila chumba kiwe na matundu kwenye kuta mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, kusi kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili, hivyo upande wa mashariki wa nyumba usiuzibe kwa stoo na bafu. Kama nyumba imekwisha, osha nyavu za mbu kila mwezi. Wavu uliojaa vumbi ni pazia.

Kiyoyozi kije baada ya hayo. Cha BTU 12,000 huvuta kama wati 1,000 kikiwa kinasukuma, na kwa saa nane za usiku kinaweza kula uniti tano mpaka nane kutegemea chumba. Panga boi la wati 70 kwa saa hizohizo halifiki uniti 0.6. Viwashe vyote viwili: kiyoyozi kwenye nyuzi 26 na panga boi polepole, utajisikia kama uko kwenye 24. Kukiweka 16 "kipoze haraka" hakukiharakishi, kinapoza kwa kasi ileile kisha hakijui pa kusimama. Chujio lioshwe kila wiki mbili. Mashine ya nje iwe kivulini, lakini usiijengee kibanda, maana itavuta hewa ya moto iliyoitoa yenyewe. Barafu ikiota kwenye bomba la shaba, chujio limeziba au gesi imepungua. Gesi haiishi kwa kutumika, kwa hiyo fundi anayejaza bila kutafuta inapovuja atarudi kujaza tena.

Friji inafanya kazi saa 24, na nzuri ya ukubwa wa kati hula kama uniti moja kwa siku. Ile ya mtumba iliyouzwa kwa bei ya kutupa huweza kula mbili na zaidi, na ndiyo ghali kuliko zote dukani. Banisha noti kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka. Uoshe kwa maji ya sabuni, uliopinda ulainishe kwa maji ya moto uunyooshe, ikishindikana badilisha. Iache sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na jiko, na kile kitambaa cha kufumwa kisining'inie nyuma. Barafu ikizidi nusu sentimita, zima na uiache iyeyuke. Ukiichokoa kwa kisu utatoboa bomba, na gesi yote imekwenda.

Maji ya kuoga: kwa joto la Dar, maji ya simtanki lililoko juani yanatosha siku nyingi za mwaka. Arusha, Mbeya na Njombe hadithi ni nyingine, huko hita ya jua ya lita 150 hadi 200 ina maana. Hita ya tangi iwekwe nyuzi 60 na iwashwe kabla ya kuoga, isiachwe kutwa. Maharage yapike kwenye presha ya umeme: nusu kilo haifiki nusu uniti, wakati koili ya wati 1,500 kwa saa mbili ni uniti tatu.

Sasa vile vidogo vinavyostahili kutajwa. Taa ya ulinzi ya glopu ya wati 60 ikiwaka saa 12 kila usiku ni uniti 21 na ushee kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 ni tatu na kidogo. King'amuzi kinachovuta wati 12 mchana na usiku ni karibu uniti tisa, na ving'amuzi vingi ukivizima kwa rimoti vinavuta karibu vilevile, hivyo zima ukutani. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo, ambaye uniti zake zikizidi 75 kwa mwezi bei inapanda, hivi viwili pekee vinaweza kumrudisha chini ya mstari.

Pampu ya maji inayojiwasha yenyewe ikiwaka usiku wakati wote mmelala, kuna maji yanavuja mahali: anza na choo. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi, usiflashi kwa nusu saa. Bakuli likiingia rangi, mpira wa chini umekwisha. Ni kifaa cha bei ndogo, na fundi bomba anakibadilisha kabla chai haijachemka.