Mdudu anaweza kuwa mdogo kiasi gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisimizi wanaovamia bakuli letu la sukari hawazidi milimita 2. Je, wapo wadudu wadogo kuliko hao, na ni kitu gani kinachowazuia wasizidi kupungua kizazi baada ya kizazi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Wapo, tena sisimizi wako ni jitu mbele yao. Nyigu aitwaye Megaphragma mymaripenne ana urefu wa takriban milimita 0.2, hivyo kumi wakipangwa mstari mmoja ndipo watamfikia sisimizi wako. Paramesiamu, kiumbe cha seli moja tu, huweza kumzidi nyigu huyo, ingawa yeye ana macho, miguu sita, utumbo na ubongo, na anaruka kwa mbawa zilizozungukwa na nywele ndefu mithili ya unyoya.

Udogo huo una manufaa. Jike hutaga ndani ya yai la thripsi, mdudu wa jamii ya wale wanaowasumbua wakulima wa vitunguu, na mtoto hula na kukua humo humo hadi atoke akiwa kamili. Chumba chenyewe ndicho kipimo chake.

Kinachozuia zaidi ni seli. Kwa kawaida seli hubeba kiini chenye maelekezo ya urithi, na kiini hakipungui apendavyo mwenye mwili. Nyuki ana seli za neva zinazokaribia milioni moja, ilhali nyigu huyu anazo 7,400 hivi. Mwaka 2012, Alexey Polilov wa Chuo Kikuu cha Moscow alieleza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la ajabu kuliko udogo wenyewe: kati ya seli hizo, zisizofika 400 ndizo zenye kiini. Nyigu akiwa bado pupa, yaani katika hatua ya kabla ya kuwa mdudu kamili, viini vyote vipo. Vingi huharibika anapokaribia kutoka, na ubongo ukasinyaa ukaenea kichwani. Seli isiyo na kiini huishi kwa akiba, kama seli nyekundu za damu yetu, na kwa nyigu anayeishi siku chache tu akiba hiyo inatosha.

Yuko aliyepungua zaidi: dume wa nyigu mwingine aitwaye Dicopomorpha echmepterygis, aliyeelezwa mwaka 1997 kutoka Illinois, Marekani, ambaye ana milimita 0.139 tu. Huyo hana mbawa wala macho. Mbawa anazo jike wake, aliye mkubwa kuliko yeye.