Seneta asiye na chama ana nguvu gani?

Kaka, umeuliza mtu mmoja asiye na chama anaweza nini kwenye seneti, yaani baraza la juu la bunge. Mtazame David Pocock, seneta wa Australia asiye na chama. Alichaguliwa 2022 kuwakilisha Canberra, mji mkuu. Seneti ina watu 76, kura za kupitisha mswada ni 39. Chama tawala cha Labor na chama cha Greens wakijumlishwa walikuwa 38. Ikapungua moja, na ya Pocock ingeweza kuijaza! Mswada wa serikali wa sheria za kazi ulipofika, aliuunga mkono baada ya kukubaliwa iundwe kamati ya kuishauri serikali kuhusu posho za wasiojiweza kabla ya kila bajeti. Jana hapa Ngamiani, Tanga, tulibishana kuhusu hilo hadi kahawa ikapoa vikombeni. Kwetu Tanzania Bunge ni moja, halina seneti, na bila chama hata ugombea hupati.